Tanga la Nne Pichani

Kindu, 3 Septemba 2000

Mwanangu Aziza,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako mdogo Rehema, aliyekupokea huko Kalemie vita vilipoanza. Sisi huku ni wazima wa kupumua tu. Treni haijafika Kindu tangu mwaka juzi, chumvi tunaisikia kwa jina, na karakana ya reli nilikokuwa nashona maturubai ya mabehewa imefungwa. Namshukuru Mungu kwamba mikono haikufungwa pamoja nayo. Mafuta ya mota yameisha, na mota zenyewe askari wamezichukua, basi watu wa mto wamerudi kwenye upepo. Nimekuwa fundi wa matanga. Ulipoondoka hapakuwa na tanga hata moja hapa. Leo ukisimama bandarini utayahesabu kumi, na kila moja limepita kwenye sindano yangu.

Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma. Baba yako Djuma hayupo tena. Alhamisi, tarehe 17 Agosti, asubuhi, alikuwa anavuka kutoka Alunguli na mzigo wa mihogo, askari wakampiga risasi kutoka ukingoni. Tulimpata kesho yake. Nilimwosha kwa mikono yangu. Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja, na sasa sina.

Utauliza kwa nini. Sababu ina jina, nayo ni Hamidou. Unamkumbuka, yule anayejisifu kwamba babu yake alikuja na misafara kutoka pwani. Aliniagiza nimshonee tanga la kipwani la pembe tatu, lenye foromali, yaani ule mti mrefu unaolala upande juu ya mlingoti na kubeba tanga lote. Matanga ya wengine yamesimama wima kama mapazia. Lake linainama, na katika Lualaba yote hii hakuna la pili. Askari walikuwa wanalisaka, kwa kuwa Hamidou alikuwa akiwapelekea chumvi wapiganaji wa msituni. Alipojua kwamba anasubiriwa, akamwazima baba yako tanga lile siku hiyohiyo, kwa mara ya kwanza. Baba yako hakuwahi kukaa chini yake kabla. Hamidou alimvika kifo kilichokuwa chake.

Pole, mwanangu. Kuanzia sasa baba yako ni mimi.

Baba yako mkubwa,
Sudi


Kalemie, 20 Agosti 2003

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mama mdogo Rehema anakusalimu, mguu wake umepoa. Mimi namaliza masomo ya ualimu mwaka huu, na wiki iliyopita tulisoma hitima ya baba, miaka mitatu imetimia. Tunasikia vita vimekwisha. Huku watu wanasema hivyo polepole, kama mtu anayejaribu ngazi mbovu.

Baba mkubwa, naandika nikiwa na hofu. Kuna kijana anataka kunioa, nami nimekubali moyoni. Ni fundi wa mashua hapa ziwani, mtu wa sala, hana ulevi. Jina lake Ismaël. Ni mtoto wa Hamidou.

Najua unavyosikia ukisoma hapo, maana hata mimi nilipojua nilikaa siku nne sizungumzi naye. Siku ya tano alikuja kwa mama mdogo, akakaa mkekani, akasema mbele yetu: "Baba yangu alikuwa anamuazimaka baba Djuma ile tanga kila mara. Haikukuwa siku moja. Ye naye alikuwa rafiki yake. Hakumutuma kufa." Akalia, baba mkubwa. Mwanamume mzima.

Sijui nimwamini nani. Walii wangu wa ndoa ni wewe. Ukisema alisema uongo, nitakusikia. Ukisema inawezekana, nitaolewa naye kwa baraka zako. Nakungoja.

Mwanao,
Aziza


Kindu, 11 Novemba 2003

Aziza,

Barua yako imekaa hapa mwezi na nusu. Si kwamba nilikosa mtu wa kunibebea jibu.

Tu wazima. Mvua zimeanza.

Kijana huyo amesema uongo, kama baba yake. Mimi ndiye niliyeshona tanga lile, mimi nilikuwa hapa, na nimekwisha kukuandikia yaliyotokea. Damu ya baba yako iko mikononi mwa nyumba ile. Siwezi kupokea mahari kutoka mikono hiyo, na hakuna shehe wa Kindu atakayefungisha ndoa bila mimi. Hapa hakuna anayepanda mtumbwi wa Hamidou tena, wala anayemjibu salamu vizuri. Unataka watu waseme binti wa Djuma amekwenda kumpikia?

Kuna mtu mwema, mfanyabiashara wa Kailo anayekuja huko Kalemie kwa samaki. Nimezungumza naye.

Baba yako mkubwa,
Sudi


Kalemie, 14 Machi 2023

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mjukuu wako Safi ameniambia kwa simu kwamba masikio yako sasa hayapati kitu kabisa, ila macho bado yanatunga uzi sindanoni. Basi turudi kwenye kalamu. Huku mvua zimepandisha ziwa, limekula nyumba za ukingoni hadi karibu na shule ninayofundisha. Mama mdogo Rehema tulimzika mwaka jana, kama unavyojua. Naishi peke yangu. Mfanyabiashara wako wa Kailo alinichosha miaka kumi na mmoja, tukaachana, na hayo sitayafukua.

Nina jambo la kazi. Yuko masera mmoja, mtawa wa hapa misheni, Masera Odile, anayekusanya picha za vyombo vya tanga, vya ziwani na vya mtoni, ili zitundikwe ukumbini na maelezo yake. Vya ziwani wazee wa hapa wanavitambua upesi. Mlingoti ukiwa umeegemea mbele, ni wa mahali fulani. Tanga likiwa na kamba mbili chini, ni la fulani. Lakini katika sanduku la padri mmoja wa zamani ameikuta picha ya Kindu, na hakuna mtu hapa aliyewahi kuona vyombo kama vile. Mitumbwi minne, matanga manne, kila moja na namna yake. Nikamwambia: aliyeyashona ni baba yangu mkubwa, bado yu hai.

Nakutumia nakala. Nimeandika namba juu ya kila tanga, kuanzia kushoto. Tafadhali niandikie ni la nani, limeshonwa na nini, na mtu wa mbali angelijuaje. Nyuma ya picha padri ameandika tarehe: 23 Juni 2000.

Mwanao,
Aziza


Kindu, 29 Mei 2023

Mwanangu Aziza,

Nimefurahi mpaka Safi akadhani nimepandwa na homa. Nimeipeleka picha dirishani, nikaikagua nusu siku. Nakushukuru. Watu wa sasa wenye mota za Kichina hawaamini kwamba mto huu ulibeba matanga.

La kwanza ni la Onema, muuza mafuta ya mawese. Magunia ya mchele kumi na sita, niliyafungua na kuyaunga. Angalia: halina mlingoti mmoja, lina miti miwili iliyokutana juu kama miguu ya mtu aliyetanua, maana mtumbwi wake ulikuwa mwembamba na mti wa katikati ungeupasua. Ukiona miti miwili, ni Onema, huna haja ya kuona uso.

La pili ni la Élisabeth, mwanamke pekee aliyekuwa na chombo chake. Vitenge vya marehemu mama yake, vyote, hata cha harusi. Nilimwambia kitenge kinapitisha upepo, akasema, "Baba Sudi, shona tu, mama atanisukuma." Nikashona mara mbilimbili. Lilikuwa linavimba vizuri kuliko la turubai.

La tatu si mtumbwi mmoja, ni miwili iliyofungwa kwa mianzi, mlingoti katikati. Ni ya Israël, aliyekuwa anavusha baiskeli na mbuzi. Tanga la mraba, turubai la reli, ukitazama pembeni bado kuna namba ya behewa.

Mwambie masera aandike kwamba nyuzi zilikuwa za matairi yaliyochanwa. Hakuna fundi mwingine aliyejua hiyo.

La nne picha imefifia. Macho yangu nayo ni ya mzee. Asiandike kitu hapo.

Baba yako mkubwa,
Sudi


Kalemie, 2 Julai 2023

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Masera Odile amefurahi kwa maelezo yako, ameyaandika kwa wino mweusi.

Lakini wewe ni mtu wa ajabu. Namba ya behewa, ndogo kama chawa, umeiona. Tanga linaloinama, kubwa kuliko yote, lililo karibu zaidi na mpiga picha, macho yamekataa. Basi nitalitambua mimi ambaye sijawahi kuliona, kwa sababu ulinieleza mwenyewe na barua yako ya mwaka 2000 ninayo. Pembe tatu. Foromali imelala upande. Katika Lualaba yote hakuna la pili. Ni tanga la Hamidou.

Sasa nitakuambia nani amekaa chini yake. Masera ameikuza ile picha, nakutumia. Mtu ameshika kafi kwa mikono miwili, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya ukingo wa mtumbwi, na kamba ya tanga ameifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa anafunga mshipi wa kuvulia kwenye kidole hichohicho, analala, samaki akivuta anaamka. Mama alikuwa akimcheka: siku moja mto utaondoka na dole lako. Sijaona mtu mwingine anayefunga kamba kidoleni. Huyo ni baba yangu.

Tarehe 23 Juni. Baba alikufa tarehe 17 Agosti. Wewe uliniandikia kwamba hakuwahi kukaa chini ya tanga lile kabla ya siku ile, na miaka mitatu baadaye ukamwita Ismaël mwongo kwa neno hilohilo. Nikamfukuza Ismaël kwa barua ya mistari mitano. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nimefika arobaini na mmoja.

Safi anasema Hamidou hawezi kuamka tena kitandani, na hata sasa anayeingia kwake ni mtoto wake peke yake, aliyerudi kumwuguza. Baba mkubwa, kabla hajafa nataka kujua. Usiniandikie habari za macho. Kwa nini ulisema siku moja?

Aziza


Kindu, 25 Agosti 2023

Aziza, mwanangu,

Salamu. Safi mzima. Mimi sijambo kwa mwili.

Nimeanza barua hii mara tatu. Ya nne nitaimaliza hata ikiwa mbaya.

Baba yako alikuwa analiazima, ndiyo. Kila mtu alikuwa analiazima. Wakati ule nguo ilikuwa adimu kuliko nyama, na tuliwekeana desturi pale bandarini: tanga halinyimwi mtu. Likipasuka lako, unachukua la jirani, unamwachia kafi lako mlangoni ili ajue. Kwa hiyo sisi watu wa Kindu tulijua kwamba tanga linakuambia nani mwenye nguo, halikuambii nani amekaa chini. Wageni ndio hawakujua.

Askari walikuwa wageni. Walikuja kwangu wawili, Jumanne, tarehe 15. Mmoja alichora mchangani kwa fimbo: mlingoti, na mti uliolala upande. Akasema, "Mzee, wewe njo unashonaka matanga yote. Hii njo ya nani?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema linaazimwa, leo huyu, kesho yule. Nilisema, "Njo ya Hamidou." Wakauliza anavuka lini, nikasema asubuhi. Niliogopa, Aziza, bunduki ilikuwa imelala kwenye goti lake ikinitazama. Lakini hofu si yote, nami nimechoka kuifanya hofu koti la kufunika kila kitu. Wiki ile Hamidou alinicheka bandarini mbele ya watu, akasema mshono wangu ni wa gunia la mkaa, nashona "sawa muntu anafunga mufuko ya makala." Nilikuwa na kinyongo naye. Nilidhani watamnyang'anya mtumbwi, watampiga viboko kidogo, aache majivuno.

Jumatano Djuma alikuja kwangu. Tanga lake lilikuwa limechanika tangu Jumapili na lilikuwa hapa nyumbani, kwenye kiti. Akasema, kama mdogo kwa kaka yake, "Yaya, unishonee leo, kesho niko na mihogo ng'ambo." Nilikuwa na hema la mkubwa wa askari mikononi. Nikamwambia angoje kesho kutwa. Akacheka, akatoka. Hakusema anakwenda wapi. Nami sikumwuliza.

Nilijua ataazima. Sikujua la nani. Ndivyo nimekuwa nikijiambia miaka ishirini na mitatu: sikujua la nani. Lakini tanga lililokuwa karibu na nyumba yake lilikuwa moja.

Baada ya mazishi watu walitaka jina. Nikawapa lile lile nililowapa askari. Ulipoandika habari za Ismaël, niliona kwamba akiingia katika ukoo wetu tutakaa sinia moja, mazungumzo yatafika siku ile, na yatanifikia. Nikasema hapana. Haya umeyataka, umeyapata.

Sudi


Kalemie, 9 Septemba 2023

Baba mkubwa,

Nimeisoma. Kwa leo sina maneno yangu, nina ombi tu. Hamidou bado anapumua. Nenda kwake. Na Ijumaa, baada ya sala, simama msikitini useme uliyoniandikia, asikie kabla hajafa kwamba watu wamesikia. Safi atakushika mkono. Msikiti uko hatua mia mbili kutoka kwako.

Nijibu upesi. Ndege ya Ijumaa ina mwalimu mwenzangu, ndiye anayebeba barua hii.

Aziza


Kindu, 12 Oktoba 2023

Mwanangu Aziza,

Nakusalimu. Mvua imeanza tena, paa la jikoni linavuja.

Barua yako nilipata. Ijumaa ya kwanza niliumwa mgongo. Ya pili imamu alikuwa na wageni kutoka Kibombo, sikuona vema kuwaaibisha. Ya tatu nilifika mpaka mlangoni kwa Hamidou, nikamkuta Ismaël anamwosha, nikarudi. Ijumaa ya nne, tarehe 6, Hamidou amefariki.

Nilikwenda mazishini. Tulikuwa wachache, labda kumi na wanne. Imamu aliuliza lile swali ninalolijua hata bila masikio, kwa kuwa huulizwa daima, "Mlimjuaje marehemu?" Watu wakasita kidogo. Mimi nilisema, "Mtu mwema." Nilisema kwa sauti kubwa, Aziza, Safi ni shahidi, na kwa sababu yangu wengine nao wakasema. Ismaël alinitazama. Nadhani alifurahi.

Naona hilo limetosha. Marehemu amekwenda na neno jema kutoka kinywani mwangu. Tumwachie Mungu yaliyobaki. Mimi nina miaka sabini na tisa, na Safi bado hajaolewa. Nani atakuja kuposa katika nyumba yangu?

Baba yako mkubwa,
Sudi


Kalemie, 27 Oktoba 2023

Mzee Sudi,

Nimezungumza na Ismaël kwa simu. Nilimsomea barua yako ya Agosti, yote. Nilidhani atapiga kelele. Akasema tu, "Baba alijua."

Alijua tangu juma lile. Askari walipokwenda kuupekua mtumbwi wake, mmoja alimcheka: fundi wako amekuuza. Ismaël alitaka kwenda kusema bandarini, baba yake akamkataza. Alimwambia: "Djuma ameacha mutoto mwanamuke. Mama hana, baba hana. Amebakia na ule baba mukubwa tu. Nikimuharibisha, mutoto atabakia na nani?" Akanyamaza hivyo hata uliponinyima mtoto wake. Watu waliposusa mtumbwi wake, alinyamaza. Alikulinda kwa ajili yangu, na wewe ukamwacha akulinde mpaka kaburini.

Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko risasi. Risasi ile ningeweza siku moja kuisamehe, ulikuwa mtu mwenye hofu mbele ya bunduki. Lakini umeulizwa juu ya Hamidou mara mbili. Askari walipokuuliza, ulimtaja peke yako, wazi, kwa jina. Waislamu walipokuuliza, ukajificha ndani ya "mtu mwema", neno ambalo kila maiti hupewa.

Safi usimfanye ngao. Nimezungumza naye pia. Anajua, na amesema atakuja nami.

Arobaini ya Hamidou ni Jumatano, tarehe 15 Novemba. Nimepata nafasi kwenye ndege ya tarehe 13. Barua yako ya Agosti nitakuja nayo, ile yenyewe, yenye mwandiko wako, na baada ya hitima nitaomba ruhusa ya imamu niisome mbele ya watu wote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na tanga lililokuwa kwenye kiti. Ukitaka kuwahi kuyasema kwa mdomo wako, kabla yangu una Ijumaa mbili.

Sitafikia kwako. Nitafikia nyumbani kwa Hamidou.

Aziza binti Djuma